Siku tatu za helikopta: kisa cha safari yetu ya kambi ya Everest

Ratiba ya kwanza tuliyotumiwa na wakala wa Kathmandu, Nepal, ilikuwa na mstari mmoja uliomfurahisha binamu yangu kuliko yote: siku ya saba, helikopta kutoka Gorak Shep, mahali pa mwisho pa kulala kabla ya kambi iliyo chini ya mlima Everest. Aliuzungushia duara jekundu, akaupiga picha, akautupia kwenye grupu letu la WhatsApp lenye watu watatu: yeye, mama yake na mimi. Chini yake akaandika, "Kazi imeisha."

Mimi nikaangalia mistari sita iliyokuwa juu ya duara. Hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo tungelala usiku mbili mfululizo.

Ilikuwa Mei 2023. Safari tuliilenga Oktoba, wakati mvua za monsuni zimeshakatika na milima inaonekana. Tangu turudi, watu kadhaa wameniomba mpango wetu "wa kurudi na helikopta", nami nimechoka kuutuma vipande vipande. Hiki hapa kisa kizima, na makosa yetu yakiwemo.

Watu watatu na goti moja

Shangazi wakati ule alikuwa na miaka 61, mwalimu mstaafu, anaishi Marangu. Presha yake imetulia kwa vidonge. Kupanda hakumsumbui, kwani kila siku hutoka barabarani hadi kihambani na furushi la majani ya ng'ombe kichwani. Balaa lake ni kushuka. Goti la kulia limelika, na mwaka 2019 alipokwenda Horombo, mita 3,720 kwenye Kilimanjaro, alirudi akishuka baadhi ya sehemu kinyumenyume huku amenishika mabega. Hata hivyo safari ilikuwa yake. Alifundisha jiografia miaka thelathini, na alitaka kuiona Everest "kabla goti halijanisaliti kabisa".

Binamu alikuwa na miaka 36, anafanya kazi benki Dar es Salaam, kilo 94, mtu wa mazoezi. Amefika Uhuru mara mbili kwa njia ya Machame. Likizo aliyopewa ilikuwa siku 17, kutoka nyumbani hadi kurudi nyumbani.

Mimi nilianza Kilimanjaro kama mgumu, ndivyo wapagazi tunavyoitana, kisha nikawa mwongozaji kwa miaka 11. Nepal sikuwahi kukanyaga. Najua kwamba Wilfred Moshi, mwongozaji mwenzetu wa Kilimanjaro, ndiye Mtanzania wa kwanza kusimama juu ya Everest, mwaka 2012. Lakini kujua habari za mtu si kujua njia aliyopita, na hilo nililiweka akilini tangu mwanzo.

Kwa hiyo helikopta haikuwa anasa. Kutoka Gorak Shep hadi Lukla, ambako ndege ndogo hutua, ni siku tatu za kushuka kwa miguu: Gorak Shep hadi Pheriche, Pheriche hadi Namche, Namche hadi Lukla. Siku tatu za ngazi za mawe kwa goti lile zingekuwa adhabu. Helikopta ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilihusu kushuka tu. Ratiba ya wakala ilipotoka njiani ni hapo.

Siku tatu zinakwenda wapi

Ratiba yake ilikuwa hivi. Usiku wa kwanza Phakding, mita 2,610. Wa pili Namche Bazaar, 3,440. Wa tatu Tengboche, 3,860. Wa nne Dingboche, 4,410. Wa tano Lobuche, 4,940. Wa sita Gorak Shep, 5,164, baada ya kwenda kambi ya Everest (5,364) na kurudi siku hiyo hiyo. Alfajiri ya saba kupanda Kala Patthar kuuona mlima wenyewe, kisha helikopta.

Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 au hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne mtu alale pale pale ili mwili uzoee. Hapa tungetoka Namche hadi Gorak Shep, zaidi ya mita 1,700, kwa usiku nne tu, bila kituo. Ratiba ya kawaida ya watu wanaorudi kwa miguu huweka usiku mbili Namche na usiku mbili Dingboche. Wakala alizifuta zote mbili, kisha akaandika pembeni kwamba helikopta "inaokoa siku tano".

Helikopta inaokoa siku tatu. Zile mbili nyingine ziliokolewa na mapafu yetu.

Binamu hakunielewa, na sababu yake ilikuwa ya heshima: alishafika mita 5,895, sasa 5,364 itamfanya nini? Hili nimelisikia kwa wengi waliopanda Kilimanjaro, nami mwenyewe nililiamini zamani. Njia ya Machame kwa siku sita, unalala Barranco kwenye mita 3,960 hivi, halafu Barafu kwenye 4,670. Tena Barafu hulali, unajinyoosha tu hadi saa tano usiku unapoamshwa kwenda kileleni. Jioni yake uko kambi ya Mweka, mita 3,100, unadai soda. Kilimanjaro unapanda juu sana na kukimbia kabla mwili haujapata nafasi ya kulalamika vizuri. Khumbu, yaani eneo la njia ya Everest, hakuna kukimbia. Usiku mbili Dingboche, mmoja Lobuche ambako ni juu kuliko Barafu, mmoja Gorak Shep ambako ni juu zaidi, na kila asubuhi unaelekea mbele badala ya kushuka. Yule anayefaulu mtihani wa usiku mmoja hajafanya bado mtihani wa usiku nne.

Tukapanga upya. Siku ya 1 na ya 2 za ndege hadi Kathmandu, ya 3 ya maandalizi. Siku ya 4 Phakding, ya 5 na ya 6 Namche, ya 7 Tengboche, ya 8 na ya 9 Dingboche, ya 10 Lobuche, ya 11 Gorak Shep na kambi, ya 12 helikopta. Ya 16 kuondoka Kathmandu, ya 17 nyumbani. Hesabu utaona siku ya 13, 14 na 15 hazina kazi. Hizo ndizo siku tatu za helikopta. Hatukuzitumia kufupisha safari, tuliziweka akiba, na akiba hiyo ilikuwa na masharti: mtu akiumwa tunalala siku ya ziada; rubani akishindwa kuja tunasubiri; asipokuja kabisa, siku tatu zinatosha kushuka Lukla kwa miguu, goti likiwa limefungwa bandeji na Shangazi akiwa amekasirika.

Kijambo kidogo cha viza kilitaka kutuponza. Viza ya Nepal unapata ukifika uwanjani, Mtanzania akiwemo: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Siku yetu ya 2 hadi ya 16 ni siku 15 kamili. Binamu alitaka kuokoa dola 20. Nikamuuliza, wingu likikaa Gorak Shep siku moja zaidi, utamwonyesha ofisa wa uhamiaji picha ya wingu? Tulilipa 50.

Vibali vingine havina maneno mengi: hifadhi ya taifa ya Sagarmatha rupia 3,000 na VAT ya asilimia 13 juu yake, na halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu rupia 2,000 kwa wakati ule.

Bima, na ugonjwa wa kwenye karatasi

Wakala yule tulimwacha Juni, lakini ratiba haikuwa sababu, kwani ratiba hurekebishika. Tulikuwa tunaongea naye kwa video, nikimuuliza bei ya helikopta. Kiti cha kushirikiana na wageni wengine ni mamia ya dola, helikopta nzima ni maelfu. Akaona nimekunja uso. Akasema kwa sauti ya kirafiki kwamba tusijali, mama akisikia kichwa kidogo tu kule juu, daktari ataandika, na bima italipa yote.

Shangazi alikuwa pembeni akichambua mchicha. Kiingereza chake cha darasani kinatosha. Akasema bila kuinua kichwa, "Huyo anataka niumwe kwa karatasi."

Mchezo huo una historia. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza na kukuta mtandao wa mawakala, kampuni za helikopta na hospitali waliokuwa wakinufaika na uokoaji usiohitajika, bima za wageni zikilipa. Kampuni za bima zikatishia kuacha kabisa kuwakatia bima watembezi wa Nepal. Mbali na kwamba ni wizi, ubaya wake mwingine ni huu: mwongozaji anayepata chake mgeni anapoumwa hana haraka ya kumwambia mgeni anywe maji, atulie, alale hapa hapa leo.

Kwa hiyo tulivitenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Helikopta ya kurudi ni nauli: unailipa mwenyewe, inakuja hali ya hewa ikiruhusu, isipokuja unashuka kwa miguu. Helikopta ya uokoaji ni ya bima: inaitwa kwa ajili ya mgonjwa, na kampuni nyingi zinataka zipigiwe simu na kukubali kwanza, la sivyo bili inabaki yako. Bima ya safari ambayo benki humpa Binamu ilikuwa na kipengele ukurasa wa nne: shughuli za milimani juu ya mita 4,000 hazimo. Tukanunua nyingine inayofika mita 6,000. Namba ya simu ya dharura Shangazi aliiandika kwa kalamu kwenye kikaratasi akakifunga kwenye pindo la khanga. Simu huishiwa chaji kwenye baridi, akasema, khanga haiishiwi.

Julai

Tarehe 11 Julai 2023 helikopta iliyotoka Surke, karibu na Lukla, kwenda Kathmandu ilianguka maeneo ya Lamjura. Walikufa rubani na watalii watano kutoka Mexico, watu wa familia moja. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Nepal ikasimamisha safari za helikopta zisizo za lazima hadi Septemba.

Shangazi alinipigia usiku. "Baba, umeona?" Nilikuwa nimeona. Familia kama yetu, njia ile ile. Binamu alipendekeza tuahirishe mwaka mzima. Mimi nilitaka kubadili tu: tushuke kwa miguu, tukodi farasi kwa ajili ya Shangazi hadi Lukla. Shangazi akauliza maswali mawili. La kwanza, ndege ya Lukla yenyewe ni salama zaidi? Sikuwa na jibu zuri. Njia ya kurukia pale ina mita 527 tu, imeinama mlimani, na Aprili 2019 ndege iliyokuwa ikiruka ilitoka njia ikagonga helikopta zilizoegeshwa, watu watatu wakafa. La pili, "Rubani akisema leo hapana, nani kati yenu atambembeleza?"

Tukakubaliana hakuna. Tuliliandika hata kwenye mkataba na wakala mpya: kuruka ni asubuhi tu, kabla upepo na mawingu ya bonde hayajapanda, rubani akiahirisha hatuulizi mara mbili, hatuna ndege ya kuunganisha siku hiyo wala kesho yake. Siku za akiba zilikuwa na maana nyingine tena hapo. Anayembembeleza rubani ni yule mwenye tiketi ya kesho.

Kilo

Sehemu hii sikuijua kabisa, na nashukuru mwongozaji wetu wa Nepal aliieleza polepole kwenye simu. Helikopta zinazofanya kazi hiyo kule, nyingi ni H125, mashine ya abiria watano. Lakini Gorak Shep shinikizo la hewa ni kama nusu ya lile la pwani. Mapanga yanazunguka kwenye hewa nyepesi na hayapati cha kushika. Basi rubani huchukua wawili, pengine watatu wepesi, anawashusha Pheriche kwenye mita 4,371, anarudi kuchukua wengine, kisha kutoka Pheriche wote wanapanda pamoja kwenda Lukla na Kathmandu.

Binamu alileta hoja kwamba Mei 2005 Mfaransa Didier Delsalle alitua na helikopta juu ya kilele cha Everest. Kweli alitua. Alikuwa peke yake, na mashine imepunguzwa uzito kwa makusudi. Hakuwa na Binamu wala mabegi yake.

Tukapimana: Shangazi 68, mimi 74, Binamu 94. Mizunguko miwili, hapana ujanja. Swali likawa nani aende kwanza, na swali hilo ni zito kuliko linavyosikika, maana wingu likifunga katikati, mzunguko wa pili haupo. Tuliamua Shangazi asibaki wa mwisho, asishuke peke yake, na atakayebaki awe na mwongozaji. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza mimi na Shangazi; wa pili Binamu na mwongozaji mkuu. Mwongozaji msaidizi ashuke kwa miguu siku moja kabla atusubiri Pheriche. Wakala alilalamika kwamba wageni watatu hawahitaji waongozaji wawili. Nilimwambia helikopta ndiyo inayowahitaji.

Dingboche

Njia hadi Namche sina mengi ya kusema, wengine wameisimulia. Msimu wa Oktoba ndege nyingi za Lukla hazitoki Kathmandu, zinatoka Manthali, wilaya ya Ramechhap, kwa hiyo unaamshwa saa saba usiku na kukaa kwenye gari saa nne au tano za kona. Mzigo mwisho kilo 15. Tulifika, tukatembea. Waongozaji walimwita Shangazi "Aama", yaani mama, na kila alipoongeza mwendo walimwambia "bistari, bistari". Siku ya pili akageuka akaniuliza, "Kumbe pole pole wanayo na hawa?"

Alikuwa anatumia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, kwa maelekezo ya daktari wake aliyeangalia pia dawa zake za presha. Ilimfanya atoke nje kukojoa usiku kucha na vidole vikamchonyota kama vimekaliwa na siafu, ila kichwa hakikumuuma. Binamu alikataa. Alisema yeye hahitaji kusaidiwa.

Tulifika Dingboche siku ya 8 mchana. Siku ya 9, ya kuzoea, tulipanda kilima cha nyuma ya kijiji na kurudi. Jioni Binamu hakugusa wali na dengu. Alikaa karibu na jiko la bati linalowashwa kwa kinyesi kilichokaushwa cha yak, ng'ombe wa manyoya wa kule, kofia imemfunika macho, akisema harufu ya jiko ndiyo inayomchefua. Kipima oksijeni cha kidoleni kikasoma asilimia 78. Cha Shangazi 86. Usiku akatapika.

Namba ile haikunitisha sana; nimeona watu wana 78 wanacheza karata, na wengine wana 85 huku wakiwa hoi. Kilichoamua ni kichwa kinachouma pamoja na kutapika na kukosa hamu ya kula. Alfajiri mwongozaji akamtoa nje, akamwambia atembee juu ya mstari wa mawe ya uzio, kisigino kikigusa kidole. Alitembea sawa. Angeyumba, ingekuwa dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba, na hapo hakuna cha kusubiri: ni kushuka papo hapo, usiku au mchana. Alipotembea sawa, uamuzi ukawa mwepesi: leo hatuendi popote.

Mwepesi kwangu. Binamu alipinga. "Lakini kaka, helikopta imelipiwa ya tarehe ile." Hapo ndipo niliiona hatari yake waziwazi. Helikopta iliyolipiwa inakuvuta mbele. Mtu anajiambia akifika tu Gorak Shep atashushwa kwa dakika chache, kwa hiyo avumilie usiku mbili. Na usiku mbili hizo ndizo zinazoua.

Mwongozaji alipiga simu Kathmandu, tarehe ikasogezwa siku moja. Gharama ya kusogeza haikuwepo, kwa sababu tulishaiandika kwenye mkataba. Bila hivyo tungelipa. Binamu akalala, akanywa supu ya kitunguu saumu, akameza Diamox bila mtu kumwambia. Siku iliyofuata aliamka anaulizia mayai.

Asubuhi ya Gorak Shep

Siku ya 11 Lobuche, siku ya 12 Gorak Shep na kambi. Kambi ya Everest mwezi Oktoba ni mawe, barafu na bendera za sala. Mahema ya mamia unayoyaona kwenye picha ni ya Aprili na Mei, wakati wa wanaopanda kileleni. Kilele chenyewe ukiwa pale hukioni vizuri. Shangazi alijua hayo kabla, kwa hiyo kambi aliipita kama kituo cha basi, nguvu akazitunza kwa Kala Patthar. Kesho yake, siku ya 13, alipanda hadi mahali alipoona inatosha, si juu kabisa, akaketi. Jua lilipoigusa Everest alisimama, kama wanafunzi wanavyosimama mwalimu akiingia.

Saa moja na nusu tulikuwa kwenye uwanja wa mchanga wa Gorak Shep. Anga safi juu yetu, lakini chini, upande wa Lobuche, kulikuwa na kitu cheupe kimejikunja. Saa mbili kasoro helikopta ikaja. Haikuzima injini. Mimi na Shangazi tukaingia, na kwa kuwa tulikuwa kilo 142 tu, rubani akaashiria mabegi yatiwe kwetu ili mzunguko wa pili uwe mwepesi. Mabegi yote matatu yakaingia.

Hilo ndilo kosa langu. Mpango wa watu niliupanga kwa miezi mitano; mpango wa mabegi ulifanywa kwa sekunde kumi na mtu ambaye masikio yake yalikuwa yamefunikwa.

Tulipotua Pheriche rubani aligeuka kurudi, akapanda kidogo, akazunguka, akatua tena. Lile jeupe lilikuwa limefika Lobuche. Akasubiri karibu saa nzima, akaniangalia, akatikisa kichwa. Hakuna aliyembembeleza. Akaondoka kushuka Lukla.

Binamu akawa juu na mwongozaji mkuu. Koti lake zito, dawa zake, tochi yake na pasipoti yake vilikuwa miguuni mwangu. Mtandao ulishika, tukaongea. Nilitaka wasubiri mchana, mwongozaji akasema hapana, tunatembea sasa hivi, wingu hili halina haraka. Walianza saa nne na nusu. Kwenye mawe ya kumbukumbu za waliokufa mlimani, juu ya Thukla, theluji nyepesi ikaanza kudondoka na upepo ukageuka. Mwongozaji alivua koti lake akamvisha Binamu, yeye akabaki na sweta. Nilikuja kulijua hilo walipofika, saa kumi jioni, Binamu akiwa ndani ya koti linaloishia kwenye viwiko.

Shangazi hakusema neno. Alimvua mwanawe viatu, akamvulia na yule mwongozaji vyake, akawawekea wote wawili miguu kwenye beseni moja la maji ya uvuguvugu.

Tukalala Pheriche, karibu na kliniki ya chama cha uokoaji cha Himalaya, ambayo imekuwepo tangu 1973. Hatukuihitaji. Siku ya 14 saa moja asubuhi anga ilikuwa kama imefuliwa. Helikopta ikatuchukua wote, ikatua Lukla kuongeza mafuta, na kabla ya saa tatu tulikuwa Kathmandu. Siku moja ya akiba ilibaki. Mbili zilikuwa zimeliwa, moja na kichwa cha Binamu, moja na wingu.

Nikiulizwa ningebadili nini: kila mtu abaki na begi lake mgongoni mpaka Kathmandu, hata rubani aashirie nini, na mzunguko ukizidi uzito, begi libaki, mtu asibaki bila begi. Na ningeanzisha safari na Diamox kwenye mfuko wa Binamu badala ya kwenye begi lake, kwa kuwa nilijua toka mwanzo kwamba ataihitaji. Ratiba nisingeigusa.

Kuna jambo la wenyeji ambalo tulilitambua tumechelewa. Kila anayeruka kurudi ni usiku mbili tatu ambazo loji za Pheriche na Namche hazimpati, na kelele wanabaki nazo wao. Januari 2025 mvutano kati ya vijana wa Khumbu na kampuni za helikopta ulifika mahali ambapo safari za helikopta za kule zilisimamishwa. Kwa hiyo anayepanga sasa aulize hali ilivyo wiki ile, kabla ya kulipa.

Limebaki la mpagazi wetu. Kwenye mkataba wa kwanza siku zake ziliishia Gorak Shep, eti kwa sababu safari ya wageni imeishia pale. Nimekuwa mgumu, najua maana yake: unashuka siku mbili kwa chakula chako mwenyewe. Tulimlipa hadi Lukla, siku na posho. Shangazi, kabla ya kuingia kwenye helikopta, alimpa fimbo yake ya mpera aliyotoka nayo Marangu, kwani goti lilikuwa linaruka. Siku ya 16, tukiwa uwanja wa ndege wa Kathmandu, mwongozaji akanitumia picha kutoka Lukla: mpagazi amesimama mlangoni kwa muuza chai, mzigo wa mtu mwingine tayari mgongoni, na fimbo ya mpera mkononi.